Korongo Aliyebaki Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Darubini alimsaidia mama yake kufagia kibanda cha kutazamia ndege. Mama yake alikuwa mhifadhi wa eneo lile la maji na matete. Jina la Darubini alipewa na wanafunzi wenzake, maana macho ya msichana huyu yalikuwa makali ajabu. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza. Korongo weupe, waliokimbia baridi ya nchi za mbali, walitembea taratibu kwenye maji ya kina kifupi kama wazee wanaotafuta funguo zilizopotea.

Siku moja darasa lake zima lilikuja kuwatazama. Darubini aliongoza njia kwa maringo kidogo, lakini wenzake hawakumwacha apumue. Juma lililopita aliwaapia kwamba ameona ndege adimu karibu na shule. Walipotoka mbio kwenda kumtazama, walikuta mfuko wa plastiki umenasa mtini.

"Leo umetuandalia mfuko wa rangi gani?" aliuliza Kichekesho, mtani mkuu wa darasa. Watoto wakaangua kicheko. Darubini naye akacheka, ingawa maneno yalimchoma.

Wakiwa kibandani, kundi la korongo liliruka likatua ng'ambo ya pili. Mmoja tu alibaki kando ya matete. Darubini alimkazia macho. Korongo yule alipiga hatua, akavutika nyuma, akasimama palepale.

"Haya, tujipange, basi linatusubiri," alisema mwalimu.

Darubini alimtazama tena korongo. Je, kama ni kosa tena? Watamcheka mpaka amalize shule! Lakini ndege alikuwa bado pale, peke yake.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa sauti. "Yule korongo hayuko sawa."

"Korongo husimama kwa mguu mmoja, wewe!" Kichekesho alidakia. "Anapumzika."

"Sijui ana shida gani," Darubini alijibu bila kuyumba. "Ninachojua ni kwamba wenzake wameruka, yeye amebaki. Akitaka kwenda, anarudi palepale. Nimemwona mara kadhaa."

Mwalimu alimtazama, kisha akatuma aitwe mhifadhi. Mama alikuja, akainua kioo chake cha kutazamia mbali. Aliutazama mguu wa ndege kwa makini.

"Amefungwa mguu na uzi wa kuvulia samaki," alisema hatimaye. "Giza likiingia, mbweha hawatamwacha. Kaeni kimya hapahapa."

Alivaa mabuti, akachukua kitambaa na mkasi, akaingia majini hatua kwa hatua. Korongo alipiga mabawa kwa hofu. Mama alimrushia kitambaa kichwani, akamkumbatia kwa mkono mmoja asijiumize, kisha akaukata uzi. Alipomwachia, ndege alisimama kidogo kama asiyeamini, akakimbia, akapaa. Watoto walisahau amri ya kukaa kimya wakashangilia hadi bata wote wakaruka.

Mama alirudi akiwa ametapakaa tope mpaka kiunoni.

"Mama, niliogopa kusema," Darubini alinong'ona. "Nilidhani hawataniamini."

"Wangekuwa na haki, mwanangu. Ukiapia jambo ulilolidhania tu, watu huchoka kukusikiliza." Mama alijifuta tope lililomrukia shavuni. "Lakini leo umesema ulichokiona, na usichokijua ukakiri kwamba hukijui. Nikajua pa kuangalia. Huo ndio ukweli, nanyi nyote mjifunze hivyo. Aliyekosea jana asinyamaze leo. Aangalie vizuri zaidi, kisha aseme."

Kichekesho alisogea karibu akikuna kisogo. "Dada, hebu nionyeshe," alisema kwa upole. "Ametua wapi?"

Darubini alinyoosha kidole ng'ambo, katikati ya kundi, ambako korongo mmoja alikuwa akila kwa pupa.