Dakika Ishirini za Ashrafu

Stendi ya Mikumi saa sita mchana haina adabu. Mabasi ya Mbeya yanapiga honi, wauza machungwa wanayakimbilia madirishani, na wapiga debe wanakushika mkono kana kwamba mlizaliwa tumbo moja. Katikati ya vurugu hiyo alishuka Coletha Bundala akitokea Kilosa, gauni la kitenge cha njano limemkaa vizuri, vumbi hadi magotini, na mgongoni amebeba kitu kizito kwa khanga.

"Dada, mtoto ana miezi mingapi?" aliuliza kijana mrefu aliyekuwa anamenya chungwa. Shati lake la bluu lilikuwa limenyooshwa pasi, na bisibisi mbili zilichungulia mfukoni.

"Ana miaka mitano," Coletha alijibu bila kusimama. "Na anaumwa, kwa hiyo nipishe."

"Anaumwa nini?"

Coletha alisimama. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka humweleza yeyote. "Kompyuta, kaka. Ukiiacha kidogo ukaenda kuonja mboga jikoni, ukirudi imeganda. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Halafu ndani kunalia vuuu, ndipo inazinduka. Fundi wa kwetu kasema diski imekufa, na mimi nina harusi za watu humo!"

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na kuzihariri nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Mkwatani, Kilosa. Diski ikifa, mabibi harusi wa nusu ya wilaya wangemtafuta.

"Umefika," kijana alisema. "Mimi ni fundi kompyuta. Naitwa Ashrafu. Kibanda changu kile pale, nyuma ya mama wa chipsi."

Kibandani aliichomeka, akabofya mara tano, akageuza kioo ili Coletha aone.

"Haijafa, inalala tu. Imepangwa kwamba diski isipoguswa dakika ishirini, ijizime kuokoa umeme. Ukiihitaji, inaanza kuzunguka upya, ndiyo maana unasubiri. Naweka sifuri hapa. Sifuri maana yake isilale kabisa. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Yaani nimebeba chuma hiki kutoka Kilosa kwa sababu ya namba moja?"

"Pole. Lakini ungekuja mikono mitupu, nisingekusemesha."

Coletha alicheka. Angekasirika tu, angejiokolea mengi, lakini alicheka, akatoa na namba ya simu.

Simu zikaanza.

"Mtoto wangu analala?" Ashrafu aliuliza jioni hiyo hiyo.

"Halali. Na wewe usimwite mtoto wako, hujamlea."

"Nitamlea. Na mama yake je?"

"Mama yake ana harusi tatu za kuhariri. Kwaheri, fundi."

Hakukata. Walizungumza hadi maharage yakaungua, Coletha akalisingizia jiko.

Jumapili ya pili kompyuta ikajisasisha yenyewe, diski ikalala tena. Coletha akapiga simu, Ashrafu akaja na pikipiki, kilomita zote zile, na begi la vifaa. Mzee Bundala, baba yake Coletha, alikuwa uwanjani anatengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Pita ndani."

Hapo inabidi nieleze jambo. Katika nyumba ya Mzee Bundala, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa na msalaba wake ukutani, kijana hapiti kumwona binti. Kijana anatuma washenga. Na kijana mwenyewe akiwa Muislamu kama Ashrafu, wa kijiji cha Ulaya, hiki cha hapa hapa Kilosa, si cha Wazungu, washenga hao wanatakiwa wawe na moyo. Lakini fundi hupita. Fundi hupewa kiti, chai na mihogo, na akikaa saa tatu hakuna anayehesabu. Ashrafu aliliona hilo siku ya kwanza. Kuanzia siku hiyo akili zake zote za darasani zikafanya kazi ya kijinga.

Jumapili iliyofuata, diski ilikuwa imelala. Na iliyofuata.

"Kompyuta hii ina jini?" Coletha aliuliza.

"Ni mfumo, mpenzi. Ukijisasisha unarudisha mambo ya zamani." Alijibu macho yake yakiwa kwenye mihogo.

Coletha hakuwa mjinga. Vidole vya Ashrafu alikuwa amevitazama sana, kwa sababu zake mwenyewe, na njia ya kuifikia ile namba aliishika. Jumatano moja diski ilipoganda katikati ya bibi harusi kukata keki, alisonya, akafungua mwenyewe sehemu ya umeme, akakuta ishirini. Akaweka sifuri. Alhamisi sifuri, Ijumaa sifuri, Jumamosi sifuri. Jumapili Ashrafu akaja "kukagua", akanywa chai, akaondoka. Coletha akafungua. Ishirini.

Alimpigia akiwa bado njiani.

"Ashrafu, simamisha pikipiki."

"Nimesimama, laazizi. Umenikumbuka mapema hivi?"

"Ni wewe. Wewe ndiye unayeirudisha kila ukija!"

Ashrafu akazima pikipiki.

"Coletha, nilikuwa nataka tu..."

"Nimekaa wiki sita nasubiri mashine izinduke! Wateja wananiona mvivu, baba ananiuliza fundi gani huyu asiyeponya ugonjwa. Ulikuwa unanicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja."

"Usije tena."

Akakata, akalia kwa hasira, kisha akalia kwa sababu nyingine.

Wiki mbili zilipita. Ashrafu alituma ujumbe, Coletha hakujibu. Wote wawili walikonda. Ningekuwa jirani ningewafungia chumba kimoja, lakini watu wanaopendana hawashauriki.

Jumamosi asubuhi Coletha aliwasha kompyuta ili amalizie harusi ya Regina, rafiki yake wa tangu shule, ambaye alikuwa anaisubiri video hiyo Jumatatu. Ndani kukalia tak. Tak. Tak. Mara ya nne ndipo ikaanza kuzunguka, tena kwa kukoroma. Aliangalia mpangilio: sifuri. Hapo hasira ikampanda. Akapiga simu.

"Umefanya nini tena kwenye mashine yangu?"

"Mimi? Sijafika huko wiki mbili!"

"Basi mbona inagonga tak, tak, ndipo inaanza?"

Sauti ya Ashrafu ilibadilika. "Sasa hivi inazunguka?"

"Inazunguka."

"Usiizime. Sikiliza, Coletha, nitukane baadaye. Usiizime, usiiguse, usiruhusu mtu achomoe waya. Ikisimama inaweza isianze tena. Nakuja."

Alifika saa nne na nusu, shati halina pasi, amebeba diski mpya, na nyuma ya pikipiki kafunga betri ya gari na inveta ya kuugeuza umeme wake uwe wa nyumbani. Alimsalimia mzee mbio mbio. Kwanza, mashine ikishikiliwa na kile kikasha chake cha akiba ya umeme ya dakika chache, akahamishia waya wa kikasha kwenye betri, umeme ukikatika mashine isizimike. Kisha akachomeka diski mpya pembeni, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ukaonekana kwenye kioo, unakwenda kama konokono.

Wakakaa, kiti kimoja huku, kimoja kule. Asilimia tatu. Asilimia saba.

"Ni kosa langu," Ashrafu alisema kwenye asilimia kumi na mbili. "Diski inachoka kwa kuzimwa na kuwashwa. Mimi nimeizimisha mara ngapi kwa siku, wiki sita? Ilikuwa nzima. Nimeiua mimi."

"Unaniambia wewe mwenyewe?"

"Nimwachie nani akuambie?"

Saa saba umeme ukakatika. Feni ikasimama, redio ya mzee ikanyamaza. Coletha akamkamata Ashrafu mkono bila kujua. Kompyuta ikaendelea kukoroma kwa betri, mstari ukasogea, asilimia hamsini na moja. Mkono hakuuachia.

"Kwa nini hukuja tu?" aliuliza.

"Nije kama nani? Baba yako angeniuliza shida yangu nini. Fundi ana sababu. Mimi nilikuwa na wewe tu, na hiyo haiingii mlangoni."

"Kwa hiyo ukaitia ugonjwa mashine yangu ili upone wewe. Unaniudhi, Ashrafu. Unaniudhi mpaka nachoka. Na wiki mbili hizi sikulala."

"Mimi pia."

Saa kumi kasoro ikafika mia. Wakaifungua harusi ya Regina kwenye diski mpya, keki, vigelegele, shangazi anayecheza na kikapu kichwani. Yote yalikuwepo. Ashrafu akazima mashine, akaiwasha. Diski ya zamani iligonga tak mara mbili na haikuzunguka tena.

"Weka wewe," alisema, akamsogezea kipanya. Coletha akafungua sehemu ya umeme, akaweka sifuri kwenye diski mpya. Kisha akabuni neno la siri la mashine nzima, Ashrafu akageuza uso ukutani asilione.

"Sasa huna kazi tena hapa," Coletha alisema.

"Najua."

Jumapili iliyofuata Mzee Bundala aliona pikipiki mbili uwanjani. Ashrafu alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, nyuma yake baba yake mdogo na mzee mwingine kutoka Ulaya. Kwa desturi mwoaji haandamani na washenga wake, hubaki kwao anatetemeka. Lakini hakuna kati yao aliyeijua nyumba isipokuwa yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu hadi chini. "Kompyuta imeharibika tena?"

"Hapana, mzee. Ni nzima." Ashrafu alinyoosha kanzu yake. "Leo sikuja kwa kompyuta."

Mzee Bundala alitafuta begi la vifaa, hakuliona. Alitazama mikono ya kijana, haikuwa na kitu. Kwenye dirisha, mlio wa video ya harusi ulikuwa umekatika ghafla, maana kuna mtu alikuwa ameacha kazi ili asikilize.

"Nilikuwa najiuliza," mzee alisema taratibu, "ni lini hiyo mashine itapona." Akavuta viti vitatu kivulini, kimoja baada ya kingine. "Mambo ya dini tutayasema, na tutayasema sana, hayo hayafunguliwi kwa bisibisi. Karibuni mkae."

Kisha akageukia dirisha.

"Coletha! Zima hiyo kompyuta. Tuna wageni."