Jina Chini ya Kitako

Bunduki zote nne mezani zilikuwa baridi, isipokuwa moja. Kitako chake kilikuwa na uvuguvugu, kana kwamba mtu alikuwa ameegemeza shavu hapo akaondoka sasa hivi.

"Hiyo mtutu umechoka," alisema Annelies, mwenye duka. "Chukua hii ya mwisho, mzee Balz. Jeshi liliitunza, hata mbao zake hazijaliwa."

"Nataka hiyohiyo."

"Kwani unachagua bunduki au mchumba?"

Balz Zgraggen alitabasamu kwa adabu tu. Tarishi huyu mstaafu alikuwa hajazoea tena kutaniwa. Tangu mkewe Rosmarie afariki alikuwa akila peke yake, miaka miwili sasa, na maneno yake mengi aliyamalizia kwa redio. Bunduki kuukuu ya jeshi alikuwa akiitafuta ili arudi kwenye chama cha shabaha cha kijijini Bürglen, ambako Jumamosi watu hupiga risasi zao, kisha huketi meza moja na kutaniana mpaka jioni. Alichokuwa anakitaka hasa ni kiti kwenye meza ile.

Nyumbani alifungua skrubu mbili za bamba la kitako, kama kila mnunuzi wa bunduki hizi afanyavyo. Askari wa zamani walizoea kuweka humo kikaratasi chenye jina lao. Unakisoma, unamtakia mwenyewe heri, unakirudisha palepale. Hiki kiliandikwa kwa penseli: Alois Gisler, seremala, 1911.

Balz hakukirudisha. Alikiegemeza kwenye kopo la chumvi, akapakua makaroni na viazi, akasema, "Karibu tule, Alois. Mwenyewe unaona sina mtu."

Kesho yake mchana ukungu ulishuka hadi madirishani, na jikoni kukanuka sufi iliyolowa mvua na mafuta ya bunduki. Balz alifungua dirisha, harufu ikazidi. Kisha akasikia bunduki ikikokiwa sebuleni, taratibu, mara moja, na alipokwenda kutazama akaikuta imelala palepale alipoiacha, ila kitako kilikuwa cha moto, na nyuma yake, kule jikoni alikotoka, kiti cha Rosmarie kikaburuzwa sakafuni, kikalia kwa uzito wa mtu mzima anayeketi, na kijiko kikaanza kugonga sahani ambayo yeye hakuwa ameiweka.

Aliogopa sana. Lakini, aibu iliyoje, alifurahi pia.

Jumamosi alivaa koti ili aende uwanjani. Mlangoni mkono mzito, uliolowa, ukamshika bega, ukamrudisha ndani kwa upole. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Ndipo akampigia simu Padri Fidel, mtawa Mkapuchini, ambaye watu wa bonde lile humwita iwapo ng'ombe wamekataa kuingia zizini au nyumba hailaliki.

Padri alikuja Jumamosi ya tatu, akanyunyiza maji ya baraka vyumba vyote, akasimama mbele ya kiti.

"Ulimkaribisha kwa jina?" alinong'ona.

"Ndiyo, Padri."

"Basi mimi siwezi kumtoa. Mwenyeji ndiye humuaga mgeni. Rudisha karatasi, mtaje jina, mwambie aende. Ukichelewa, Balz, hatakugawana na mtu."

Padri akatoka nje kumwachia nafasi. Balz alikishika kile kikaratasi. Aliuwaza usiku unaokuja, na sahani moja, na redio. Akakiegemeza tena kwenye kopo la chumvi. Baada ya dakika chache akajitokeza mlangoni.

"Ameenda?"

"Ameenda, Padri," alidanganya, na macho yakamwuma.

Gari la padri lilipoishia kwenye kona, simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Köbi, katibu wa chama.

"Wewe Balz, unatutenga? Bunduki umenunua, au unaiogopa? Njoo leo. Tumekuwekea kiti karibu na jiko, na ukichelewa nitakikalia mwenyewe."

Balz aliibana simu sikioni. Miaka miwili alikuwa amengoja mtu amwambie hivyo. Alivuta pumzi aseme nakuja.

Mkono wa koti la sufi ukapita juu ya bega lake, ukidondosha maji, ukaikata simu kwa kidole kimoja. Sauti ya Köbi ikazimika katikati ya kicheko.

"Alois," Balz alisema, "tafadhali nenda."

Hakuna aliyekwenda. Kiti kilisogezwa jikoni, kisha cha pili, na Balz akaenda kuketi, maana chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.