Mgongo wa Mama Ngalula

"Samahani, dada. Naomba unielekeze lilipo kanisa kuu la matofali mekundu."

Msichana aliyekuwa akichagua matembele aliinua kichwa. Alimtazama kijana yule kuanzia viatu vyake vyenye vumbi hadi kamera iliyoning'inia kifuani, kisha akacheka mpaka muuza samaki wa jirani akageuka.

"Unasema sawa padiri anasoma Injili. Weye unatoka wapi?"

"Tabora, Tanzania. Nimekuja likizo kutazama mambo ya kale."

"Peke yako? Mu hii wakati? Uko mutalii ao uko kichaa?"

"Mwanafunzi wa historia."

"Bon. Basi iko bote mbili."

Ulikuwa mwaka 1992, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Soko la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, lilinguruma kwa vinu vya mahindi na kwaya za makanisa, lakini watu walinunua kidogo kidogo, kama wanaokula mbele ya mgonjwa. Msichana aliitwa Ngalula. Alivaa kikwembe, kitenge cha kijani chenye ndege weupe, na blauzi ya mikono mipana. Chuo alichosomea ualimu kilikuwa kimefungwa, na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Kwa hiyo alikuwa na muda, na kijana yule, Mihayo, alikuwa na maswali mengi.

Alimwonyesha kanisa. Alimwonyesha bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa taka zake. Ngalula alipotangulia kuupanda, vumbi likimpaka visigino, Mihayo alisahau kupiga picha.

"Historia iko huku," Ngalula alimtania bila kugeuka. "Macho yako inaangalia wapi?"

"Huko huko kwenye historia."

"Muongo weye, chéri." Neno lile la mwisho, "mpenzi" kwa Kifaransa, lilimtoka tu, naye akaharakisha hatua.

Nyumbani kwao Mama Ngalula alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, aliyefika Katanga kutoka Kasai akiwa bibi harusi na kuwazaa watoto wake wote hapo hapo Lubumbashi. Alikaa na Mihayo kwenye mkeka mmoja wakala bukari, ugali wa huko, na samaki mkavu, akamcheka jinsi alivyoufinyanga.

"Mutoto huyu, kwabo banakula na kijiko?"

Siku zikapita hivyo. Kisha Jumapili moja Mihayo aliingia uani na Mama Ngalula akainuka ghafla, akavuta kitambaa usoni, akatoka kwa mlango wa jikoni. Hakurudi. Chakula kililetwa na Ngalula kwenye sinia la peke yake, firigisi ya kuku ikiwa juu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mihayo alipopishana naye njiani na kumsalimu, mama aligeukia ukuta.

Ingawa kwao ni Tabora, Mihayo alikulia Dar es Salaam, katika nyumba za wafanyakazi wa posta. Mambo ya ukoo aliyasoma vitabuni. Aliona mgongo ule na moyo wake ukasema: hanitaki.

Wiki hiyo vijana walipita barabarani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Dirisha la jirani lilivunjwa. Ngalula alikuwa akifagia vioo Mihayo alipokuja na begi mgongoni.

"Naenda Bunkeya, kuona mji wa mfalme Msiri," alisema akitazama chini. "Pengine sitarudi kupitia hapa."

Ngalula aliacha kufagia. "Leo?"

"Kuna watu hapa wamechoka kuniona."

"Nani? Sema muzuri."

"Unajua mwenyewe."

Ngalula aliangalia vioo, akaangalia begi. Akaelewa anavyoweza kuelewa mtu ambaye mlango wake umeandikwa matusi. "Unaogopa kuonekana na siye. Enda basi. Weye uko na kwenu."

Mihayo alisafiri juu ya lori la Mumbere, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo aliyempangisha chumba. Huko Bunkeya wazee waliposikia ametoka Unyamwezi, walikotoka babu zao pamoja na Msiri, walimshika mkono wakakataa kuuachia. "Umefika kwenu," walimwambia. Mihayo alitabasamu, akapewa kigoda, akaona aibu asiyojua chanzo chake. Yeye aliyevuka mpaka majuzi alikuwa mwenyeji. Ngalula, aliyezaliwa Lubumbashi, alikuwa mgeni.

Wakati wa kurudi lori lilisimama Kambove, kwenye bohari ya Mumbere. Simu za nchi zilikuwa zimekufa, wafanyabiashara walizungumza kwa fonia, redio ambayo kila bohari ya Katanga iliisikiliza. Mara ikakoroma, na kati ya mikoromo ikatoka sauti aliyoijua.

"Natafuta Mihayo wa Tabora. Iko hapo? À toi."

Ilikuwa zamu yake kusema. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nipo, Ngalula. À toi."

"Tuko tunaenda gare, kupanda treni. Balivunja nyumba. Mama anauliza juu yako. À toi."

"Mama? Mama yako ananikimbia. Hataki hata kuniona."

Redio ilikoroma. Kisha kicheko chembamba, karibu na kilio. "Haiko anakukimbia. Mihayo, kwetu mama hawezi kuangalia mukwe wake mu macho. Nilimuambia nakupenda, njo akafunga uso. Ile firigisi nani anapewa? Kwenu hamufanyi vile?"

Mihayo alilikumbuka sinia lile. Sauti nzito ikaingia, ya Mumbere mwenyewe, kwenye redio ya nyumbani kwake Lubumbashi. "Mukwe, tumesikia bote, mupaka Kolwezi. Fanya mbio. Terminé."

Kituo cha gari moshi kilikuwa kimekuwa mji. Vitanda, masufuria, cherehani, wagonjwa chini ya mashuka. Mihayo aliita jina hadi sauti ikakauka. Alimkuta karibu na reli, kikwembe cha kijani kimechanika upindo, na nyuma yake mgongo mpana wa mama.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani..."

"Na miye nilizani." Alimfuta vumbi usoni kwa kiganja. "Kichaa yangu."

"Nataka kukuoa. Twende Tabora."

"Na mama, nani atamubeba?"

"Basi napanda na nyinyi."

"Hapana. Banapandisha batu ba Kasai tu, na bengine banakufia njiani. Nitazika mubwana mbele ya ndoa?"

Mama Ngalula alizungumza, uso ukiwa bado kwenye mabehewa. "Ngalula, muambie mukwe wangu hivi: nimemukubali. Muambie kule tunaenda sijui tutalala wapi. Lakini aulize. Batu banaulizaka, banaonaka."

"Amesema..." Ngalula alianza.

"Nimesikia," Mihayo alisema, machozi yakimdondoka. "Mwambie mama nitauliza."

Watu wakasukumana. Mama na binti wakajikuta mlangoni mwa behewa la mizigo, wamebanwa kwa nyuma. Mama alikumbatia cherehani kwa mikono yote. Hakuwa na mkono wa kufunika uso, wala nafasi ya kugeuka. Mihayo alisimama chini, mbele yao kabisa. Akamwona mama akifumba macho kwa nguvu.

Gari moshi likashtuka. Nyuma ya Mihayo palikuwa na bomba la moshi, mlima mweusi, mabati ya mtaa wa Kenya, makaburi alikolala mume wa Mama Ngalula. Na mama yule angeondoka bila kuyaona, kwa sababu mkwe wake amesimama njiani.

Mihayo alimtazama Ngalula mara moja, uso wote, kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari. Kisha akawageuzia mgongo.

Magurudumu yakaanza kulia. Sauti ya Ngalula ilimfikia juu ya kelele, ikienda mbali.

"Amefungua macho, chéri. Anaangalia. Anaangalia yote."

Hakugeuka.