Kitabu cha Kitambaa cha Faustina

Kila Jumamosi, Faustina akishaosha vyombo na kuwapa nguruwe pumba, alikaa mlangoni mwa jiko na kisu kidogo akichonga viazi. Si vya kupika. Alikata kiazi mviringo katikati, akachonga herufi moja pale palipokatwa, tena akiichonga kinyume ili ikigongwa isomeke sawa. Kisha alikichovya kwenye rangi ya nguo na kukigonga juu ya kipande cha shuka kuukuu.

"Mwandishi wa viazi!" wenzake wa darasa la saba walimcheka wakipita. "Mboga ikiisha mtachemsha kitabu?"

"Nitawachemsha nyinyi," aliwajibu bila kuinua macho.

Shuleni kwao Igowole, watoto wa darasa la awali waligombania vitabu vichache vya karatasi mpaka vikaisha kwa kuchanika. Ndipo Faustina akashona kurasa za kitambaa, zenye hadithi za bibi yake, upande mmoja Kihehe, upande mwingine Kiswahili. Kitabu kikichafuka kinafuliwa, kinaanikwa, kinasomwa tena. Watoto walikivuta huku na huku, wala hakikuchanika. Shida ni kwamba kilikuwa kimoja tu, na mashuka ya kuchana nyumbani yalikuwa yamekwisha.

Siku moja mwalimu Esnath alitangaza kwamba kuna mfuko unaofadhili wanafunzi wabunifu, wa shule na wa vyuo, na maombi yanatumwa kwa mtandao.

"Faustina, hili ni lako," alisema. "Njoo na mzazi, tuandike pamoja."

Faustina hakuenda. Wiki ileile kaka Ambrosi, mtoto wa mama mkubwa, alikuja kutoka chuoni Iringa kusaidia kuvuna viazi. Walikuwa wamekula sahani moja tangu utotoni.

"Mwalimu wa nini, mdogo wangu?" Ambrosi alisema. "Mimi nipo, simu ninayo, Kiingereza ninacho. Nipe kitabu nikakipige picha nzuri mjini, nikutumie maombi."

"Na jina, kaka..."

"Jina limefanyaje?"

Faustina akainamisha macho. Kwao mdogo hamhoji mkubwa wake. Kumwuliza kaka ataandika jina la nani ilikuwa sawa na kumwita mwizi. Akampa kitabu kwa mikono miwili. Hakumwambia mama yake, maana aliyajua maswali yake: umempa nani, kwa nini, kitarudi lini?

Kitabu hakikurudi. Watoto wa awali walimfuata kila asubuhi, "Dada, hadithi yetu iko wapi?" naye akawajibu, "Iko mjini, inakuja."

Kisha mwalimu Esnath alimwita ofisini, akamwonyesha simu. Kwenye picha Ambrosi amevaa koti, anatabasamu, ameshika kile kitabu, na doa la uji wa Tumpe, mmoja wa watoto wa awali, linaonekana. Chini imeandikwa kuwa ndiye mbunifu, na kwamba amechaguliwa.

"Lakini mwalimu," Faustina alisema, "aliniita mdogo wangu."

Jioni alimweleza mama yake yote. Mama alishika kichwa. "Mtoto wa dada yangu! Niliyempakulia kwa mkono huu!"

Jumamosi walipanda basi pamoja na mwalimu mpaka Iringa, nyumbani kwa mama mkubwa Apolonia.

"Kamwene, dada," mama alisalimia. Alipoeleza kilichowaleta, Ambrosi akaitwa sebuleni.

"Mama mdogo, mnakuza jambo," Ambrosi alisema. "Huyu bado mtoto, nani angempa fedha? Mimi ningemkumbuka tu."

Faustina alisimama. "Kaka, ulinikuta nachonga. Viazi vilivyobaki ulivila wewe."

Mama mkubwa alimgeukia mwanawe. "Ambrosi, herufi ulichonga wewe?"

Ambrosi akageukia dirishani.

"Nakuuliza mimi mama yako. Hata moja?"

"Hapana, mama."

"Wapigie simu hao watu. Weka sauti kubwa tusikie sote."

"Mama, nitaaibika chuo kizima!"

"Piga."

Akapiga, akasema ukweli. Mama aliyepokea simu kule kwenye mfuko akaomba kuongea na mwalimu. Jina la Ambrosi likafutwa. Faustina akaruhusiwa kuomba kwa jina lake mwenyewe, mwalimu Esnath akiwa msimamizi wake. Walimhoji kama wengine, naye akawachongea herufi mbele yao. Ufadhili ukaja, ukanunua vitambaa na mihuri ya mbao, na darasa la awali likapata vitabu vya kutosha.

Ambrosi aliomba msamaha. Watu husema Faustina alimsamehe. Labda. Akija kuvuna humsalimia, humwandalia maji ya kuoga, kisha huingiza kazi yake ndani na kufunga mlango.

Siku vitabu vilipogawiwa, mama alimvuta kando.

"Mwanangu, heshima ni kumsalimia mkubwa, kumpokea mzigo, kumpisha kiti," alisema. "Kunyamaza wakati kazi yako inachukuliwa, hiyo siyo heshima. Muulize, tena mbele ya watu wazima, jina gani unaandika hapo? Mwenye nia njema atakujibu. Akikasirika, chukua kitu chako uondoke, hata awe nimemzaa mimi."