Kitufe cha Kutokea

Ile mashine ya ofisini haikuwa na makuu. Unachora kwa penseli programu unayoitaka, vitufe hapa, maandishi pale, unaweka karatasi chini ya kamera, nayo inakuandikia programu nzima kabla chai haijapoa. Jumatatu asubuhi Dada akachora vitufe vitatu. Programu ikaja na vinne. Cha nne kilijibanza pembeni, kimeandikwa: Nitoe.

"Umechora mwenyewe ukasahau," bosi akamcheka.

Wala hakusahau. Karatasi ile ilikuwa ya marehemu kaka yake, aliyemfundisha kazi hiyo na kukaa pale dirishani miaka tisa. Kila mchoro kaka alianza na kitufe cha kutokea. Mashine ilipokuja alifukuzwa, na miezi mitatu haikuisha, huzuni ikamzika. Dada akarithi karatasi zake, akaifuta michoro apate pa kuchorea. Ubahili mtupu!

Labda mashine imesoma alama za penseli zilizobaki, akajipa moyo. Akanunua karatasi mpya. Nitoe. Akabadili penseli. Nitoe tena, na kwenye kile kiti kitupu cha dirishani ikaanza kutoka harufu ya dawa ya kuchua aliyojipaka kaka mgongoni, kwanza kwa mbali, kisha kali ya kutoa machozi, na kwaru kwaru ya penseli ikawa inamwandama kila akiinama, inanyamaza akiinua kichwa, mchana kweupe, ofisi imejaa watu, na hakuna mwingine aliyeisikia.

Alipomsimulia mama yao, Mama akamleta mganga saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu. Mganga akafumba macho, akasoma yake kwa kunong'ona.

"Amefungiwa humu," akasema. "Mchoree mlango."

Dada akachora mlango, akaiweka karatasi chini ya kamera. Skrini ikawaka na swali moja: Nani alimwambia bosi kwamba mashine inatosha, mimi niondolewe? Chini yake kitufe kimoja tu: Ni mimi, mdogo wako.

Uso ukamshuka. Mashine ilipokuja, ilibaki nafasi moja tu ya kazi kati yao wawili, naye aliitaka.

"Imeandika nini?" Mama akauliza, akipapasa miwani mkobani. "Bonyeza basi, mwanangu, kaka yako apumzike!"

Dada akaizima skrini. "Hamna kitu, Mama. Ameshatoka."

Mama akashusha pumzi, akalia kwa shukrani. Ndipo kutoka dirishani ikaja kwaru, kwaru, na safari hii Mama naye akageuza shingo.