Basi Jipya la Mombo

Haya yalimpata Secilia, mwenzetu wa kwaya, na kosa lake hakulificha. Mama yake alikuwa amelazwa Korogwe, akimsubiri yeye, mtoto wake wa pekee, aje aweke sahihi ili apasuliwe. Rubeni, dereva aliyezoea kusafiri naye, alikuwa amemwekea siti. Lakini pale stendi ya Lushoto Secilia akaona basi la kampuni mpya, viti laini, tamaa ikamshika. Akampigia Rubeni simu, akamdanganya kwamba haendi.

Walipoipita Soni, saa tisa mchana, ukungu ulifunga vioo na ndani kukawa giza. Muungurumo wa injini ukafifia mpaka akasikia pumzi za abiria, zote zikipanda na kushuka pamoja. Kona hazikuisha, na Mombo haikuonekana.

"Kaka, nishushe hapa, nitatembea," alimwambia kondakta.

"Dada, ukishafunga mkanda wewe ni wetu," yule akajibu, akicheka kidogo.

Secilia akauvuta mkanda. Haukufunguka.

Pembeni yake alikaa mtoto wa chekechea, daftari mapajani. Akaona afadhali amsemeshe. "Hujambo, mwanangu?"

Mtoto alimtazama kama bibi anavyomtazama binti asiye na adabu, akangoja. Basi zima likaacha kupumua, likangoja naye. Secilia alikuwa akisali moyoni, lakini neno likamponyoka: "Shikamoo."

"Marahaba, Secilia," mtoto akajibu kwa sauti ya kikongwe. "Punguza sauti. Mama yako ndiyo kwanza kapata usingizi, hapo nyuma yako."