Popote Osaka, Ila Tsuruhashi

“Popote Osaka unapotaka tutalala. Ila Tsuruhashi, hapana.”

Masahiro alisema hivyo akiwa amempa mgongo Chizuru, anaosha mchele kwenye sinki. Maji yalikuwa yameshatakata zamani, lakini mkono wake uliendelea kusugua tu.

Chizuru alikuwa ameketi mezani na simu mkononi, ramani ya Osaka imefunguliwa. Harusi yao ilikuwa vuli ile, na kabla heka heka hazijaanza walikuwa wamejiombea siku chache za kutoka Tokyo kwenda Osaka kwa kazi moja tu: kula. Kwa ajira Chizuru alikuwa mpima macho, lakini kwa kuzaliwa alikuwa mlaji. Wenzake wakisafiri huuliza kitanda kikoje. Yeye alichagua mtaa kwa pua.

“Umeda kuna hoteli nzuri,” Masahiro alisema. “Ukishuka kwenye treni umefika.”

“Umeda wanakula watu wa ofisini. Wanameza huku wanaangalia saa.”

“Basi Namba.”

“Namba nikapange foleni na watalii? Wale wanapiga picha mpaka chakula kinapoa.”

“Tenma je? Si ulikuwa unaisifia?”

“Tenma ni ya jioni. Asubuhi imelala fofofo. Mimi nataka nikiamka nifungue dirisha, nisikie kitu kinakaangwa chini. Nikishiba nijikongoje kidogo tu, nifike kitandani. Mtaa huo ni Tsuruhashi, na wewe mtoto wa Osaka unajua fika.”

“Kule kuchafu.”

“Ulienda lini?”

Masahiro alifunga bomba. “Nimesikia tu.”

Alipotoka kwenda kuanua nguo, simu yake iliwaka pale mezani. Chizuru hakuwa mtu wa kuchungulia, lakini maneno yalikuwa mbele ya macho yake:

“Usiwe na wasiwasi. Siji kwenye harusi, kama tulivyokubaliana. Nakupenda.”

Mtumaji alikuwa herufi moja tu, S.

Chizuru aliisoma mpaka kioo kikazima chenyewe. Masahiro aliporudi na kapu la nguo, Chizuru hakumwuliza kitu. Alikunja naye shuka, wakala, akaosha vyombo. Kesho yake akiwa kazini alifuta chumba cha Umeda walichokichukua usiku ule na kuchukua kingine Tsuruhashi, juu ya duka la mafuta ya ufuta. Kama kuna mwanamke huko, alijiambia, nitamwona kwa macho yangu.

Masahiro aliyajua hayo Osaka kwenyewe, katikati ya stesheni, watu wakiwapita huku na huku.

“Njia ya hoteli ni hii,” alisema.

“Sikuchukua hoteli. Tunalala Tsuruhashi.”

Begi lilimponyoka mkononi. “Chizu, nilikuomba kitu kimoja tu.”

“Na mimi nakuomba kimoja. S ni nani?”

Rangi ilimtoka Masahiro usoni.

“Nimeona ujumbe. Anakupenda, na hatakuja harusini kama mlivyokubaliana. Mmekubaliana lini? Wapi?”

“Si unavyodhani.”

“Basi niambie, nisidhani.”

“Siwezi.”

“Sawa. Kalale Umeda na siri yako. Mimi naenda kula.”

Alimwacha amesimama pale, akapanda treni ya kuzunguka mji. Machozi yalimtoka njia nzima, na alipofika Tsuruhashi milango ikafunguka, harufu ya nyama ya kuchoma ikamkuta akiwa bado kwenye jukwaa. Alijifuta uso. Alijionea aibu kidogo, kwamba moyo umevunjika na tumbo linaunguruma vilevile.

Asubuhi alifungua dirisha. Chini walikuwa wanakaanga ufuta, na mama mmoja alikuwa anagombana na mwenye baiskeli aliyeegesha mbele ya ndoo zake za kabichi. Chizuru alivaa viatu, akashuka. Soko lilikuwa la vichochoro vyembamba vilivyoezekwa juu, kimchi, kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili, imepangwa kwenye mabeseni, wali umeviringishwa kwenye mwani. Alionja huku, akaonja kule, na kila muuzaji aliyemtazama, naye alimtazama vizuri. Je, wewe ndiye S? Au wewe? Mpaka akajicheka. Wengi walikuwa na umri wa bibi yake.

Mchana alijitosa kwenye kimgahawa cha kona, viti vichache mbele ya jiko. Mpishi alikuwa mama wa makamo ya juu, mfupi, mikono mipana, kitambaa kichwani. Wateja walimwita Omoni, ndivyo watu wa pale wanavyomwita mama. Omoni aliinua macho amkaribishe mgeni. Kijiko kilibaki hewani, kikidondosha mchuzi.

“Karibu,” alisema hatimaye. “Kaa hapa karibu na jiko. Kuna joto, lakini ndipo chakula kinapofika kikiwa cha moto.”

“Naomba chapati ya vitunguu na ngisi.”

“Utapata. Lakini kula hiki kwanza.”

Alimwekea bakuli ambalo Chizuru hakuliagiza: samaki mkanda aliyechemshwa na figili kwenye mchuzi mwekundu.

Chizuru alitia kipande mdomoni. Pilipili ilitangulia, tangawizi ikafuata, halafu nyuma kabisa ukaja utamu wa peasi lililokunwa. Vijiti vya kulia vikasimama hewani.

Mchuzi ule aliujua. Masahiro aliupika kila mvua za kwanza za baridi, na kila mara alisema vilevile: “Hivi ndivyo marehemu mama alivyokuwa anapika.”

“Mama,” Chizuru aliita, “hili peasi umefundishwa na nani?”

“Nani anifundishe? Nimebuni mwenyewe. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa analia pilipili, nikatafuta cha kumbembelezea.”

“Wengine hapa mtaani wanalitia?”

Muuza mboga aliyekuwa anakula kwenye kiti cha pili, mwanamke mnene aliyeitwa Mitsuko, aliguna. “Watie wapi. Mimi namwomba siri hiyo tangu nina meno yote.”

“Mwanao yuko wapi sasa?”

Omoni alikuwa amegeuka, anapangusa jiko lililokuwa safi. “Tokyo. Anaoa vuli hii.”

“Utaenda harusini?”

“Mguu unanisumbua.”

“Mguu gani?” Mitsuko aliingilia. “Juzi umepanda ngazi na gunia la mchele mgongoni. Sunja, usimdanganye mtoto wa watu.”

Sunja. Chizuru aliisikia ile S ikidondoka masikioni mwake. Alitazama ule mgongo mpana ulioinama, yale mabega yaliyoshuka upande mmoja sawasawa na mabega aliyokuwa akiyaona kwenye sinki lake Tokyo.

“Mwanao anaitwa Masahiro,” alisema.

Omoni aliendelea kupangusa.

“Mimi namwita Jongho,” alijibu polepole. “Hilo lingine la Kijapani ni la shuleni. Kula kwanza, mwanangu. Kitapoa.”

“Ulinijua?”

“Nina picha yenu, alinitumia. Ulipoingia tu nilikujua. Nikasema, sitamwambia kitu. Nitamlisha mara moja, aende zake. Mara moja inanitosha.”

Chizuru alishindwa kuzuia machozi yakaingia kwenye mchuzi. Alikula hivyo hivyo, mpaka bakuli likabaki mifupa, kwa kuwa aliona kuacha hata kidogo kungekuwa tusi. Kisha akaandika kwenye simu:

“Nimekula samaki wa marehemu mama yako. Alikuwa wa moto. Njoo.”

Masahiro alifika amelowa jasho, koti amelishika mkononi. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua aingie kwa mguu upi. Mitsuko alichukua bakuli lake na kuhamia nje, lakini si mbali sana.

“Chizu.”

“Kaa,” Chizuru alisema. “Miaka miwili, Masahiro. Kila kiangazi, siku za wafu, nimemwashia mama yako vijiti vya ubani. Nimemwekea wali. Nimemwambia, mama, asante kwa kunizalia mume. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu unanitazama.”

“Nilikuwa natamani kufa.”

“Usife. Umeshaua mmoja, anatosha.”

Omoni alicheka kwa kushtukia, akajiziba mdomo. “Nisamehe. Kumbe ndiyo maana miaka hii miwili sijapata hata mafua.”

“Usicheke, Mama,” Masahiro alisema.

“Mwache mwanangu, nigombeze mimi,” Omoni alimgeukia Chizuru. “Maneno hayo nilimpa mimi. Alikuwa na mchumba kabla yako. Alimleta hapa, akala, akacheka na sisi. Wazazi wake walipojua sisi ni Wakorea, walituma mtu kusema hakuna ndoa. Jongho alikonda, nikaogopa. Nikamwambia, atakayefuata mwambie huna mtu. Mimi nitakaa mbali, nitakupenda kwa simu. Aligoma. Nikamlazimisha.”

“Na mimi nikakubali,” Masahiro alisema. “Hapo ndipo kosa langu. Yeye alisema kwa kunipenda, mimi nikakubali kwa woga. Kila nilipotaka kukwambia, uwongo ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko mdomo wangu.”

“Ulidhani na mimi ningekukimbia?”

“Sikudhani. Niliogopa tu.”

Hasira ya Chizuru ilikuwepo, alijua ingekaa naye muda, na alijua pia itakuwa inatoka kidogo kidogo, siku nyingine kwa maneno makali. Lakini juu ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Alikuwa amekuja mtaa huu kutafuta mwanamke wa kumchukia, akamkuta mwanamke wa kumshukuru akiwa hai, ana jasho, ana mafuta mikononi.

“Harusi bila mama haipo,” alisema.

Omoni alitikisa kichwa. “Na wazazi wako huko Kanazawa? Usiharibu, mwanangu. Mimi nimeshazoea.”

“Mimi sijazoea.” Alichukua simu, akampigia baba yake, akaweka sauti wote wasikie.

“Baba, mama yake Masahiro yupo hai.”

“Amefufuka lini?”

“Hakufa. Ni Mkorea, ana mgahawa Tsuruhashi. Masahiro alificha, kwa kuwa watu waliwahi kumkataa.”

Omoni alishika ukingo wa meza.

“Masahiro anasikia?” mzee aliuliza.

“Nasikia, Baba.”

“Siku ile ulipokuja kuposa, ulinitoa machozi kwa habari za mama yako. Nilimwambia mke wangu, kijana asiyesahau mama hatamsahau mke. Sasa nimekasirika, na nitakukasirikia mpaka nichoke. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Hilo la Ukorea sitakudanganya. Mama mkwe wako atahitaji siku mbili tatu, na dada zake wana midomo. Hao niachie. Mpe mama simu.”

Omoni alipangusa mikono kwenye aproni, akainamia ile simu kama vile mwenyewe yuko mbele yake.

“Mimi ni Ko Sunja. Nimewakosea sana.”

“Binti yangu amekula?”

“Amekula. Hakubakiza kitu.”

“Basi asante kwa kumlisha,” mzee alisema. “Huyo akishiba ndiyo anakuwa na akili. Njaa ikimshika hatumwezi hapa nyumbani.”

Omoni alimrudishia Chizuru simu, akaingia nyuma ya pazia, na walimsikia akilia kule ndani, kilio cha mtu aliyekibana siku nyingi. Masahiro alinyanyuka amfuate. Chizuru alimshika mkono.

“Mwache kidogo. Halafu twende wote.”

Siku zilizobaki walilala Tsuruhashi, chumba kile kile cha juu ya ufuta. Waligombana mara mbili na kupatana mara mbili. Asubuhi Chizuru alishuka kumenya figili na Omoni, akaambiwa kisu anakishika vibaya, akafurahi kuambiwa.

Harusi ilifungwa vuli, Kanazawa. Dada mmoja wa mama yake Chizuru alikataa kuja, na hakuna aliyembembeleza. Bwana harusi alipopewa kipaza sauti, aliikunja karatasi yake. “Jina langu ni Pak Jongho,” alisema. “Wengi mnanijua kama Arai Masahiro. Yote mawili ni yangu. Na yule pale mbele ni mama yangu.”

Omoni alikuwa amevaa nguo ya kwao, sketi pana ya kijani iliyong'aa. Mitsuko aliyekuwa pembeni yake alianza kupiga makofi peke yake, halafu baba mkwe, halafu ukumbi.

Baadaye, kwenye chumba cha pembeni, maharusi walimpigia Omoni magoti kwa desturi ya Kikorea, vichwa mpaka sakafuni, kisha wakakinga kitambaa cheupe ili awarushie kunazi za kuwaombea watoto. Omoni alijaza kiganja. Akainua mkono. Mkono ukagoma.

“Siwezi,” alisema. “Sikuwahi kuiota siku hii. Nilijikataza hata kuiota.”

Mama yake Chizuru, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejibana kwenye kimono yake bila maneno mengi, alisogea. Alipiga magoti kando ya Omoni, akaweka mkono wake chini ya ule mkono uliogoma.

“Tunarusha pamoja,” alisema. “Na asante kwa kumzaa.”

Wakarusha. Kunazi nyingine zilitua kwenye kitambaa, nyingine zikambingirikia Jongho kichwani, na Chizuru, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, aliokota moja akaila kabla hajaambiwa kama inaruhusiwa.